Mkoba Usiotaka Kupona: Sehemu ya Saba

Ulikatwa.

Nawajibu mapema nyinyi mliobishana wiki nzima kama uzi ule wa mkoba ulikatika wenyewe au una mkono wa mtu. Ulikatwa kwa kisu, na Bi Fusae Odagaki alilijua hilo hata kabla ya kuvaa miwani.

Uzi uliochoka hufa kama ndevu za hindi, kila unywele unashika njia yake. Huu ulikuwa na ncha fupi, iliyonyooka, kama nyasi iliyopitiwa na fyekeo. Tena mshono wenyewe ni wa sindano mbili: moja inaingia huku, nyingine inatoka kule, katika tundu lilelile, ili uzi mmoja ukifa wa pili ushikilie. Mkono wa mkoba ulioshonwa hivyo hauachii kwa bahati mbaya. Aliyeukata alikata pande zote mbili, na alikuwa na subira.

Aliyefika leo asogee, nafasi ipo. Bi Fusae ni mjane wa hapa kwetu Toyooka, mji ambao kila mtaa una nyumba yenye cherehani ya mikoba sebuleni. Tangu akiwa bibi arusi alishona nyumbani vipande vya kiwanda. Siku hizi anasafisha na kutengeneza mikoba ya Ulaya ya bei mbaya iliyokwisha kutumika: iliyoota ukungu makabatini, iliyochubuka kona, ile ambayo bitana yake imeyeyuka kwa unyevu ikawa inanata kama gundi. Na Mzee Teiji Mineyama, mstaafu wa reli, alimletea mkoba wa marehemu mkewe, Sumie, ili uwe umepona kabla ya siku ya arobaini na tisa ya msiba. Siku hiyo mtawa akimaliza kusoma, ndugu hugawana vitu vya aliyeondoka. Na baada ya siku hiyo binti yao Yorie atamchukua baba yake akaishi naye Yokohama, na nyumba itafungwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Mkoba ule ulipona zamani.

Bi Fusae ndiye aliyekuwa akisema haujapona. Alisema gundi inakataa kukauka kwa sababu ya ukungu wa mtoni. Alisema ngozi imechoka, inataka kulala kidogo. Kwa nini? Kwa sababu kila Alhamisi Mzee Mineyama alikuja kuuliza hali ya mkoba, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa, akavua viatu, akaketi, akanywa chai, na kwa muda wa birika moja nyumba ile ilikuwa na watu wawili.

Uongo ulipomwishia akamrudishia mzigo wake. Haikupita wiki ukarudi, mkono umeachia. Akashona. Ukarudi tena, sasa ni mkono wa pili. Ndipo alipougeuza na kuona ncha za uzi.

Nani basi hakutaka mkoba wa marehemu upone?

Wa kwanza kutoa hukumu alikuwa Bi Hatsune, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye alikuja na jalada la matangazo ya mtaa. Jalada lile hupita nyumba kwa nyumba, unasoma, unapiga muhuri, unampelekea mwenzako. Kwa Hatsune ni kibali cha kuingia bila kubisha.

Alimkuta mwenzake ameshika mkoba bila kushona, akamuuliza amekaaje kama mtu aliyemeza sindano. Fusae, ambaye hakuwa na mwingine wa kumwambia, akamwonyesha. Hatsune akaukagua uzi, naye pia ni mshonaji, akasema bila kufikiri kwamba ni binti. Anataka mkoba uonekane takataka mbele ya shangazi zake, wasiugombanie. Fusae akamkumbusha kwamba Yorie yuko Yokohama tangu maziko, labda awe na kisu kirefu kuliko reli.

"Basi ni Sumie mwenyewe," Hatsune alisema, akikoroga chai isiyo yake. "Ameona huko aliko jinsi mumewe anavyopiga pasi shati siku za Alhamisi."

"Hatsune."

"Nini? Shati la Jumatano lina makunyanzi, la Ijumaa lina makunyanzi. Mimi nina macho, dada."

Fusae akampigia muhuri jalada lake, akampa jalada na kipande cha keki ya mchele, na kumwonyesha mlango ulipo. Lakini alipobaki peke yake alijikuta anatabasamu, halafu akaona haya kwa sababu picha ya marehemu mumewe ilikuwa palepale kwenye kimadhabahu cha nyumbani, nyuma ya moshi wa ubani, ikimtazama.

Alhamisi ikafika. Alikwisha kuyapanga maneno: Bwana Mineyama, kuna mtu nyumbani kwako anayekata uzi, je, unaishi na nani? Aliyarudia akiosha mchele, akayarudia akifuta meza.

Mzee Mineyama aliingia akatikisa mwavuli, akauweka mahali pake, akavua viatu akavigeuza vielekee mlangoni. Shati limenyooka. Mkononi ana kibakuli cha figili alizoziweka kwenye chumvi mwenyewe, na zilikuwa chungu kama kawaida. Na kidole gumba cha mkono wa kushoto kimefungwa plasta.

"Umeumia, Bwana Mineyama."

"Figili," akasema. "Za mwaka huu ni ngumu. Kisu kiliteleza."

Figili za mwaka huu zilikuwa laini, soko zima linajua, zilikatika hata kwa kuziangalia.

Bi Fusae akaiangalia ile plasta. Akauangalia mkoba. Akamwona kwa macho ya moyo, mzee amekaa jikoni kwake, gizani kidogo kwa sababu taa ya jikoni imeungua na mwenye kukumbusha taa hayupo, ameupakata mkoba wa mkewe mapajani, miwani puani, anakata uzi mmoja mmoja kwa kisu cha mboga ili apate sababu ya kuja.

Maneno yote aliyoyapanga yakampotea. Alimimina chai hadi ikafurika kidogo.

"Huu mkono utachukua muda," akasema.

"Hakuna haraka," akasema mzee.

"Ngozi imechoka."

"Naona. Mimi naona imechoka sana."

Hawakutazamana. Walikula zile figili chungu kama watu wanaokula sikukuu, na kwa muda ule mfupi hapakuwa na mtu Toyooka nzima aliyekuwa na heri kuwashinda wale wazee wawili waongo.

Mlango wa mbele ukasogezwa.

Yorie Mineyama alisimama pale penye viatu, ana koti la mji na kiboksi cha peremende kwa ajili ya mwenyeji, kama mtu aliyelelewa vizuri. Akainama. Akasema alipiga simu nyumbani haikupokelewa, akajua baba yuko huku. Amewahi siku chache ili asaidie maandalizi. Mtawa anakuja Jumapili, shangazi wote wanakuja. Jumatatu asubuhi baba anasafiri naye, chumba chake kiko tayari, kina dirisha la jua. Akaketi, akakataa chai, akaomba aone mkoba wa mama.

Fusae alisema bado. Yorie akasema haidhuru, auone tu.

Aliuchukua kwa mikono miwili kama anavyochukuliwa mtoto aliyelala. Akapitisha kidole juu ya ngozi yake iliyoiva rangi ya asali, akafika kwenye mkono ulioachia. Kidole kikasimama.

"Hii imekatwa."

Akauinua mkono ule kwenye mwanga.

"Mama yangu alishona mikoba usiku na mchana nikiwa mdogo. Nilizunguka kwenye vyumba vyenye nyuzi sakafuni. Najua kilichokatika na kilichokatwa." Akamgeukia mwenye nyumba. Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mama Odagaki, baba ananiambia kila wiki kwamba umesema bado. Kila wiki bado. Sasa naelewa."

Hapa naomba msikimbilie kumchukia Yorie. Angefikiria nini? Weka kidole chako mahali pake.

Bi Fusae alimtazama Mzee Mineyama. Yeye alikuwa ameushusha mkono wa kushoto chini ya meza, pamoja na plasta yake.

Katika mji mwingine labda lingekuwa jambo dogo. Hapa kwetu mshono wa mtu ndio jina lake. Mshonaji anayekata kazi ili apate kazi hapewi tena hata mfuko wa kubebea viazi, na Hatsune yuko nyuma ya ukuta, na ukuta ni wa ubao. Akisema kweli, atamwaibisha mzee mbele ya mtoto wake kabla hata arobaini na tisa ya mama haijafika. Akinyamaza, mzee huenda akasema mwenyewe.

Akanyamaza kidogo ili ampe nafasi. Mzee aliitazama chai.

"Nimekata mimi," akasema Bi Fusae.

"Kwa nini?"

"Sikutaka kazi iishe."

Na hilo, wanangu, lilikuwa kweli tupu.

Yorie alipumua. Hakutukana, hakupiga meza. Aliuweka mkoba mbele ya Fusae na kuulainisha mkunjo wa koti lake. "Basi ushone sasa. Sisi tutasubiri hapa."

Akashona. Alitia nta kwenye uzi wa kitani, akatunga sindano mbili, akaubana mkoba katikati ya magoti na kufungua kila tundu kwa msharasi. Moja huku, nyingine kule, vuta. Kila tundu lilipojaa aliona reli ya Yokohama ikisogea karibu kidogo. Mikono yake haijui kushona vibaya. Siku hiyo alitamani ijue, ikakataa.

Yorie alizungumza akiwa anaangalia sindano. Alisema baba aliacha jiko linawaka mara mbili. Alisema theluji ya huku inafunika mlango, na baba bado anapanda ngazi kuitoa paani. "Akianguka huku nani atamwona?" aliuliza, na haikuwa kejeli, alikuwa anauliza kweli. Fusae akavuta uzi. Swali hilo alikuwa analo lake, kwa ajili ya mtu mwingine anayeishi peke yake mtaa huo.

Mshono ulipokwisha, Yorie aliujaribu mkono kwa kuuvuta kwa nguvu. Ukashika. Akashukuru, akainama kama ilivyo adabu, akasema Jumapili itakuwa ya ndugu tu. Mzee Mineyama alivaa viatu polepole sana. Mlangoni akageuka akainama chini kabisa, na kukaa huko chini kwa muda mrefu kuliko mgongo wake unavyoruhusu.

Lakini neno hakusema.

Kitendawili. Anaishi kwangu, halipi kodi, na nikipika kidogo ndivyo anavyonenepa.

Mkikosa nipeni mji. Jibu ni upweke, na wiki ile kwa Bi Fusae ulinenepa hadi ukajaza mikeka yote ya sebule. Ijumaa alipika wali wa mtu mmoja akaula na figili zilizobaki, chungu, hakuacha hata moja. Jumamosi alifungua mzigo kutoka duka la Osaka, mkoba mweusi wa Kiitalia ulionuka dawa ya nondo, akaanza kuusugua kwa brashi laini, na kumwambia, samahani mama, huku kwenye kona nitakuumiza kidogo. Aliongea na mkoba. Zamani pia aliongea nayo, lakini zamani hakuwa akisikia anavyosikika.

Aliwasha redio. Mtu wa redio alikuwa anacheka na mwenzake, akaizima.

Jumapili alasiri Hatsune alikuja bila jalada. Safari hii alibisha, na hilo peke yake lilimtisha Fusae. Alikuwa amealikwa kusaidia kupakua chakula, akasimulia yote. Vitu vya marehemu vilipangwa juu ya mkeka bila kufungwa kwa karatasi, kama inavyotakiwa. Shangazi mkubwa alipewa kimono cha hariri. Mdogo alipewa lulu, akalia. Mkoba Yorie aliuchukua mwenyewe kabla mtu hajaunyooshea mkono. Shangazi mmoja aliusifia mshono akauliza ni wa nani. Fusae alishika kitambaa chake cha kufutia.

"Yorie akasema ni wa jirani," Hatsune alisema. "Basi. Jirani. Hakuongeza neno."

"Na Bwana Mineyama?"

"Amekaa kama kifurushi kilichofungwa kamba, kinasubiri kubebwa." Hatsune akashusha sauti, jambo geni kwake. Kisha akasema aliyasikia ya Alhamisi kupitia ukutani. Akasema kwamba amemjua Fusae tangu wakiwa mabibi arusi wawili wanaobebana vipande vya kiwanda kwa baiskeli, na kama Fusae amewahi kukata uzi mzima maishani mwake, basi yeye Hatsune ni nyani. "Plasta ile niliiona, dada. Leo kaipakata chini ya meza tangu supu hadi matunda."

Fusae akamwambia anyamaze. Hatsune akanyamaza, akamwachia wali wa maharage wa shughuli ile katika kikopo, akaondoka kwa mlango wa nyuma.

Jumatatu mvua ilikuwa inanyesha, mvua yetu hii ya kulala na kuamka nayo. Bi Fusae alisema hatakwenda stesheni, na hakwenda. Aliketi na ule mkoba wa Kiitalia. Alifungua bitana, akakwangua ile nata iliyoyeyuka, akaifuta kwa spiriti, akakwangua tena. Treni ya asubuhi ya kwenda Kyoto, wanakobadilisha wa Yokohama, inapita karibu na nyumba yake, vikombe hutikisika kabatini. Ilipopita vikombe vilitikisika. Kisha vikatulia.

Alikaa na kisu cha kukwangulia mkononi. Hakulia. Alijiambia tu kwamba kesho atanunua mlango mpya wa kabati, usiotikisika.

Kengele ikalia.

Ni Yorie. Nywele zimelowa, hana mzigo, na nyuma yake teksi inageuza njiani.

"Baba yuko hapa?"

Bi Fusae hakuelewa. Treni si imeondoka? Imeondoka, alisema Yorie, na yeye alikuwa ameshapanda na mabegi, baba akasema anashuka mara moja kununua wali wa nyama ya kaa wa kula njiani, milango ikaanza kufungwa. Yorie aliruka akaiacha mizigo yake iende zake. Hayuko jukwaani, hayuko chooni, hayuko nyumbani, na nyumbani hawezi kuingia, ufunguo anao yeye.

"Hayuko hapa," akasema Bi Fusae.

"Mama Odagaki, tafadhali. Kama umemficha niambie tu. Sitakasirika."

"Hayuko."

"Alhamisi ulisema umekata mkoba. Mtu wa namna hiyo nimwamini vipi?"

Fusae akafanya alichoweza: akasogea pembeni, akafungua milango. Akafungua sebule, akafungua jikoni, akafungua chumba cha kulala na hata kabati la magodoro. Yorie alipita akiangalia kila mahali. Na kila alipoangalia alikuta kitu kimoja kimoja. Bakuli moja kwenye kichanja cha vyombo. Jozi moja ya vijiti. Godoro moja limekunjwa, mto mmoja juu yake. Ndara za wageni zimepangwa mlangoni, mpya, hazijachakaa. Na kwenye meza ya kazi mkoba mweusi umekaa wima juu ya mto wa kukalia, kama mtu aliyekaribishwa chai, na mbele yake, ndiyo, kikombe.

Fusae alikiona kikombe kile wakati mmoja na mgeni wake. Akakichukua haraka akakipeleka jikoni.

Yorie akaketi pale mkekani bila kuambiwa. Safari hii alipopewa chai aliipokea.

"Siku za wazazi shuleni," akasema, akimwambia kikombe, "mama zetu walisimama nyuma ya darasa. Mwalimu hakutaka tugeuke. Nilikuwa naangalia chini ya kwapa langu, hivi, natafuta ule mkoba. Nikiuona najua amekuja. Miguu ya mama wote inafanana, lakini mkoba ule nauona." Akafuta uso kwa kiganja. "Nyumba ile sikuitaka, lulu sizitaki. Mkoba tu. Na asubuhi nikampa baba ashike wakati napandisha mabegi."

"Yuko nao?"

"Yuko nao."

Fusae aliinuka kuchukua koti. Alisema wagawane njia, yeye atapita upande wa mtoni, Yorie arudi barabara ya stesheni. Alikuwa ameshika mwavuli mmoja na anatafuta wa pili mlango ulipogongwa, si wa mbele, wa jikoni.

Mzee Mineyama alisimama kwenye mvua. Hana mwavuli. Nawaambia hivi, hapa kwetu mtu hutoka bila meno kabla hajatoka bila mwavuli, hata jua likiwa linawaka, na huyu amezaliwa hapa. Maji yalimtiririka kwenye nyusi. Alikuwa ameukumbatia mkoba kifuani kwa mikono yote miwili, na mkoba ulikuwa unadondoka maji kama yeye.

Alimwona binti yake nyuma ya Fusae. Akashtuka, lakini hakurudi nyuma.

"Vizuri upo," akamwambia. "Ile mishono nilikata mimi. Mara ya kwanza na mara ya pili. Kwa kisu cha figili." Akainua kidole gumba, plasta imelowa inaning'inia. "Huyu mama hakukata kitu. Alisema uongo na mimi nikamwacha auseme. Nimeipanda treni ile nikaona siwezi kukaa na hilo hadi Yokohama. Ni mbali."

"Baba," akasema Yorie. "Kwa nini?"

Mzee akafikiri. Alikuwa mtu wa reli, amezoea kutoa taarifa fupi.

"Chai," akasema.

Walimwingiza. Fusae alileta taulo, Yorie akamvua koti, akamsugua kichwa kwa hasira na kwa upole, kama anavyosuguliwa mtoto aliyechezea dimbwi. Kisha Bi Fusae akauchukua mkoba kutoka mikononi mwa mzee, akauweka juu ya meza kwenye mwanga wa dirisha.

Akachukua kitambaa cha kufutia, akakirudisha.

Ngozi ile haikupakwa rangi wala dawa kiwandani. Ni ngozi tupu ya ng'ombe, inaanza nyeupe kama unga wa mchele na inaiva yenyewe kwa jua na kwa mafuta ya kiganja cha mwenye nayo, miaka na miaka, hadi ikawa asali. Kinachoweza kuifuta kazi hiyo ya miaka ni maji, na maji yalikuwa yameifuta. Mabaka meusi yalitanda toka mdomoni hadi chini. Uso umevimba malengelenge. Alipobonyeza pembeni hapakurudi. Ikikauka itakuwa ngumu kama ubao, kisha itapasuka. Alishawahi kuiona mingine namna hii. Aliirudisha yote kwa wenyewe, akaomba radhi.

Mara hii hapakuwa na uongo. Mara hii mkoba wa Sumie ulikuwa umekufa kweli.

Mzee Mineyama hakujua. Alikuwa ameketi na taulo kichwani, anautazama mkoba kwa uso wa mtu aliyeleta mgonjwa mahali anapopaamini. Kama alikuwa ameusahau mwavuli ule au ameuacha makusudi, usoni pake huwezi kusoma.

Yorie alikuja akapiga magoti kando ya meza. Hakugusa ile ngozi. Aliangalia mabaka, akaangalia mikono ya Bi Fusae, ile mikono aliyoiona Alhamisi ikijaza tundu baada ya tundu bila kukosea.

"Shangazi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Nilikukosea. Naomba unisamehe, halafu naomba kitu kingine. Huu utautengeneza, sivyo? Baba anaweza kubaki hapa Toyooka hadi utakapokuwa tayari, mimi sina shida. Wewe sema tu. Utachukua muda gani?"

Mzee Mineyama akaacha kujifuta.

Bi Fusae alikuwa na majibu mawili. Moja lilikuwa la Alhamisi zote zilizobaki, chai na figili chungu na viatu vya mtu mwingine mlangoni, na lilikuwa uongo kwa msichana aliyekuwa anamtafuta mama yake chini ya kwapa. La pili lilikuwa neno moja fupi la kweli, umekufa, na treni ya mchana ya kumchukua mzee ilikuwa bado haijapita.

Akavua miwani, akaiweka juu ya meza, akafungua mdomo.